Nilikuwa Nakusubiri

Kila siku baada ya masomo, Kasuku na Kimya walikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, ambako mama yake Kasuku alishonea nguo za watu. Kazi ya Kimya ilikuwa kushikiza vifungo. Kazi ya Kasuku ilikuwa kufagia vipande vya vitambaa, lakini mara nyingi ufagio ulisimama na mdomo ukaendelea. Hakupewa jina lile bure. Akisoma hadithi mara mbili, angekusimulia yote bila kuruka neno, utake usitake.

Kimya alikuwa binti wa mama mdogo wa Kasuku. Alikuja kuishi nao mwanzoni mwa mwaka, na darasani waliketi dawati moja. Alisema machache mno hata wenzao wakambatiza jina hilo siku ya kwanza. Kasuku alimpenda sana, mpaka ilipokuja habari ya filamu.

Mwalimu wa Kiswahili alitaka darasa lao litengeneze filamu fupi, kwa simu yake, kutokana na hadithi waliyoisoma kitabuni. Ingeonyeshwa siku ya wazazi. Hadithi yenyewe ilimhusu mtoto aliyesingiziwa na mama yake kwamba amevunja redio, akakimbia nyumbani kwa uchungu, kisha akarudi jioni. Kitabu kilieleza kwa kurasa mbili nzima jinsi moyo wa mama ulivyojaa majuto.

"Hapo ndipo penye kazi," Mwalimu aliwaambia. "Mwandishi wa kitabu anaweza kuingia moyoni mwa mtu akatuambia kilichomo. Kamera haiingii huko. Inaona uso na mikono, na inasikia kinachosemwa tu. Niandikieni mazungumzo ya mama na mtoto, nijue kwamba mama anajuta bila yeye kutamka neno majuto."

Kasuku aliona ushindi uko mfukoni. Aliandika kurasa tatu, na mama wa kwenye mazungumzo yake alianza hivi: "Ewe mwanangu, tunda la moyo wangu, nuru ya macho yangu, ulimi wangu ulioteleza umeniletea huzuni isiyo kifani." Siku ya kuyasoma darasani, msichana mrefu aliyechaguliwa kuigiza mama alijaribu kuyasema hayo akaishiwa pumzi katikati. Darasa lilicheka. Kisha Mwalimu akasoma ya Kimya, ambayo hayakujaza hata nusu ukurasa:

"Chakula kimepoa. Nikupashie?"

"Sina njaa."

"Nakupashia hivyo hivyo."

Mama anawasha jiko. Kinapita kimya kidogo.

"Mama, kwani wewe umekula?"

"Nilikuwa nakusubiri."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliirudia sentensi ya mwisho polepole, akasema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwamba mazungumzo hayo ndiyo yatakayotumika.

Kasuku alipiga makofi pamoja na wengine, lakini moyoni alinung'unika. Nani alikuwa akikariri vitabu wakati huyu anahesabu vifungo? Siku zile kila kitu cha Kimya kilimuudhi: anavyotembea, anavyokunja shuka, hata anavyosema asante. Wenzao walipomsifu Kimya njiani, Kasuku aliongeza mwendo asisikie. Alikuwa na wivu, na alijua ni wivu, lakini kujua hakukumsaidia.

Siku moja wakati wa mapumziko alimfuata Mwalimu ofisini. Alisema kwamba maneno yale Kimya aliyanakili kwenye filamu fulani aliyoitazama kwa jirani, na kwamba yeye mwenyewe aliiona. Filamu hiyo haikuwepo. Mwalimu alimwita Kimya na kumuuliza maneno aliyatoa wapi.

Kimya aliangalia vidole vyake. "Nimeyasikia," alijibu.

"Umeyasikia wapi?"

Hakusema tena. Mwalimu alisubiri, akasikitika, akaamua kwamba watatumia mazungumzo ya Kasuku, yapunguzwe kidogo.

Basi Kasuku alipata alichokitaka, lakini hakikuwa na ladha. Kwenye mazoezi maneno yake yaliwashinda waigizaji. Nyumbani Kimya aliendelea kushikiza vifungo bila kulalamika, na hilo ndilo lililomchoma Kasuku zaidi. Afadhali angemtukana.

Mwisho wa juma Mwalimu alikuja kuchukua gauni la mama wa kwenye filamu, ambalo mama yake Kasuku alikuwa amelishona. Akiwa amesimama pale mlangoni, huku Kasuku na Kimya wakiwa kazini humo chumbani, alisema kwamba inasikitisha, maana Kimya alileta mazungumzo mazuri sana, kumbe ni ya filamu ya watu. Mama aliomba kuyasikia. Mwalimu alikuwa nayo bado mkobani, akayasoma.

Cherehani ilisimama.

"Mwalimu," alisema mama, "filamu hiyo ni ipi? Maana hayo maneno ni yangu, na mimi sijaigiza popote."

Aliwaeleza, huku akikwepa macho ya binti yake. Miezi michache nyuma alimgombeza Kasuku akidhani ametoboa kitambaa cha mteja, kumbe kilikuwa na tundu tangu dukani. Kasuku alinuna nyuma ya nyumba mpaka jioni. Aliporudi ndani, waliongea hayo hayo, na Kimya alikuwa pale pembeni na vifungo vyake.

Mwalimu alimgeukia Kimya na kumuuliza kwa nini hakusema.

"Yalikuwa ya nyumbani," alijibu Kimya. "Niliona Kasuku ataona haya, watu wakijua aligombezwa."

Kasuku alitamani ardhi ipasuke aingie. Yeye alimsingizia, na mwenzake alikuwa akimsitiri. Machozi yalimtoka, na kwa mara ya kwanza hakuwa na maneno ya kitabuni. "Nilidanganya," alisema. "Nilimwonea kijicho. Nisamehe, ndugu yangu."

Mwalimu alimtaka aseme hivyo hivyo mbele ya darasa, naye alisema. Mazungumzo ya Kimya yalirudishwa. Kimya alipoulizwa nani sasa aigize mtoto, alimnyooshea Kasuku kidole.

Siku ya wazazi filamu ilionyeshwa kwenye shuka jeupe ukutani. Ilipofika "Nilikuwa nakusubiri," mama alishika mkono wa Kasuku, asiuachie mpaka taa za ukumbi zilipowashwa.

Walipofika nyumbani Kasuku alimuuliza mama kwa nini siku ile ya kitambaa hakumwomba radhi.

"Nilikuomba," alisema mama. "Kimya alisikia, wewe ulikuwa unasubiri maneno makubwa. Wivu nao ndivyo ulivyo, mwanangu. Unamkazia macho mwenzio hata usione ulichopewa wewe. Ulimwonea kijicho kwa maneno ambayo mimi nilikuambia wewe, si yeye." Alifunua sufuria. "Haya, chakula kimepoa. Niwapashie?"

"Tupashie, Mama," alisema Kasuku, akaenda kuleta sahani tatu.