Aliizima Nikiwa Chini ya Miguu Yake

Nilikuwa ndani ya kisima, mfuniko umefungwa juu yangu, na simu ya mume wangu ikawa inaita palepale juu ya kichwa changu!

Aliyekuwa anapiga ni mimi.

Niliusikia ule mlio wake wa kwaya... ukaita... ukaita...

Kisha kimya.

Ameizima!

Jamani, kabla hamjaanza kuniandikia huko chini "dada si ungeondoka mapema", tulieni kwanza mnisikilize. Hata mimi nilidhani naijua hii hadithi. Kumbe sijui kitu.

Naitwa Salome, Mama Happiness, wa Kitangari. Huku kwetu Newala maji ni ya kutafuta. Kila mwenye nyumba ya bati ana kisima cha kuvunia mvua, kimechimbwa chini kando ya baraza na kusakafiwa kwa saruji. Mdomo wake mdogo, wa kupita mtu mmoja, na una mfuniko wa chuma. Mvua ikinyesha, maji yanatoka kwenye bati, yanapita kwenye bomba, yanamwagika ndani. Kabla ya msimu lazima mtu ashuke kwa ngazi akakombe tope la mwaka uliopita.

Kazi hiyo ni ya Baba Happiness. Mwaka huu nilishuka mimi, tena nimenuna, kwa sababu tulikuwa hatusemezani.

Ugomvi wenyewe? Kipochi!

Mume wangu Chrispin ana kipochi cha ngozi cha simu, anakivaa kiunoni kwenye mkanda. Shambani nacho, kanisani nacho. Simu ikiita haitoi. Anashusha mkono, anabonyeza kitufe cha pembeni juu ya ngozi hivyohivyo, yaani haangalii hata jina. Kwisha habari.

Zamani nilikuwa nacheka. Lakini tangu msimu wa salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, simu ziliongezeka. Tukila, inaita, anabonyeza. Tukisali, inaita, anabonyeza.

"Nani huyo, Baba Happiness?"

"Watu wa mikorosho."

"Watu wa mikorosho wanapiga Jumapili?"

"Mama Happiness, kula."

Siku moja alipokuwa anaoga nikaifungua simu yake. Namba ni ileile moja! Haina jina. Nikaichukua, nikaihifadhi kwangu kwa jina la NYOKA. Sikuipiga. Nilikuwa naiwekea siku yake.

Badala yake nilimtumia salamu mjomba wangu, Mjomba Fikirini wa Chilangala, aje asikilize shauri. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Akisema rudi nyumbani, unafunga mzigo. Na mjomba wangu ana sharti moja: akikaa kuongea, hataki kusikia simu ya mtu. Ya kwake mwenyewe huiacha nyumbani.

Sasa siku ya tukio. Wingu limetanda tangu asubuhi, mvua ya kwanza hiyo inanukia. Happiness yuko shule. Chrispin ametoka. Nikashuka na beseni, koleo dogo na kitochi changu, kile kisimu kidogo chenye tochi, nikaingia mpaka kona ya ndani kabisa ambako mwanga haufiki.

Nilikuwa na kikohozi. Msishangae, huku kwetu mikorosho ikipuliziwa salfa kila nyumba inakohoa. Kikohozi chenyewe kilishanikausha sauti, imebaki ya kukwaruza tu. Nikakomba tope kidogo, kizunguzungu kikanikamata. Nikaegemea ukuta nipumzike, nikapitiwa.

Nilipofumbua macho ni giza.

Mdomo wa kisima umefungwa! Nikapapasa ngazi... haipo!

"Baba Happiness!"

Sauti haitoki. Ikatoka kama ya mtu anayenong'ona.

Nikapiga ukuta kwa koleo. Saruji na tope, hata mimi mwenyewe sikusikia mlio wa maana. Mfuniko sikuufikia hata niliporuka.

Halafu, kupitia tundu la bomba, nikasikia watu wanaongea barazani. Mjomba Fikirini amefika!

"Mkeo yuko wapi?"

"Sijui, mjomba. Nimerudi sijamkuta. Alikuwa amenuna. Labda amekwenda kwao."

Amekwenda kwao... Ndugu zangu, mnasikia? Ameondoa ngazi, amefunga kisima, anawaambia watu nimekwenda kwetu!

Nikawasha kitochi. Mtandao unakuja unapotea. Nikasogea chini ya bomba, nikapiga.

Ndipo nikaisikia ile kwaya. Na ndipo ikazimwa.

Nikapiga tena. Ikaita kidogo, ikanyamaza. Nikamsikia mjomba akiguna kwa hasira, na mume wangu akisema, "Nisamehe, mjomba, endelea."

Endelea! Mimi niko chini ya miguu yake!

Kisha nikasikia kitu kingine. Tone juu ya bati. Na tone jingine. Halafu mvua ikashuka yote kwa pamoja.

Wenyeji mnajua, maji ya mvua ya kwanza hatuyaingizi kisimani. Unageuza bomba yamwagike nje, yaoshe bati vumbi na mavi ya ndege. Hata mtoto anajua. Nikasema moyoni, bomba litakuwa nje, sitakufa.

Maji yakanimwagikia usoni.

Bomba lilikuwa limeelekezwa ndani! Nani aelekeze bomba kisimani mvua ya kwanza, kama si mtu anayetaka kuzamisha kitu?

Niliogopa kifo, nawaambia ukweli. Maji yakafika magotini. Tope linateleza, kila nikisimama naanguka, na bati lile la nyumba nzima linamimina kwangu. Nikamwomba Mungu amlinde Happiness asilelewe na muuaji.

Nikampigia mama mkwe, hapatikani. Jirani, hapokei. Salio linaisha, chaji inaisha. Likabaki jina moja mbele ya macho yangu.

NYOKA.

Nikasema, kama wamepanga wote, basi angalau nife nimemtukana. Nikapiga.

Akapokea palepale!

"Halo?"

"Wewe mwanamke," nikasema kwa mkwaruzo, "mmeniweka kisimani... mume wangu amenifungia... maji yananifika kiunoni..."

"Dada, dada, subiri! Mume wako nani?"

"Humjui? Chrispin! Wa Kitangari!"

Akapaza sauti.

"Mama Happiness? Mimi niko Kitangari hapahapa, nimejikinga mvua dukani. Natafuta nyumba yenu. Ina alama gani?"

"Mlango wa bluu... mkorosho mkubwa mbele..."

Simu ikazima.

Sijui nilikaa muda gani. Maji yalifika tumboni, meno yanagongana. Halafu nikasikia sauti ya mwanamke barazani. Hakupiga hodi. Hakumwamkia hata mjomba!

"Inukeni! Kuna mtu humo kisimani! Mkeo yuko humo!"

Mfuniko ukafunguka, mwanga ukaingia pamoja na mvua. Na uso wa kwanza kuuona ni wa Chrispin. Jamani... sijawahi kuona uso wa mtu umeharibika namna ile. Hakungoja ngazi. Aliruka ndani na viatu vyake na kipochi chake!

"Salome! Salome! Umeingia saa ngapi humu?"

"Umenifungia..."

"Nilikuta pako wazi, nikachungulia, sikuona mtu! Nikasema mtoto akirudi shule atatumbukia! Ngazi niliitoa nikaitumia kufungia mfereji wa bati!"

"Na bomba?"

Akaanza kulia, mwanaume mzima, maji yako tumboni.

"Nilijua umeondoka kwa hasira. Nikasema ukirudi ukute maji, usiende kupanga foleni na ndoo. Basi! Hata kama ni machafu, ukute maji..."

Walinitoa. Nikafunikwa kitenge. Mkono wa kwanza kunishika ulikuwa wa Nyoka. Mama mmoja wa makamo, mnene, amelowa chapachapa, koti jeupe limekunjwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Naitwa Ethel," akasema. "Natoka kituo cha afya. Baba Happiness, tuongee pembeni."

"Semea hapa," nikasema. "Nimezamishwa na hizo simu zako. Semea hapahapa."

Ethel akamwangalia Chrispin. Chrispin akainamisha kichwa, kisha akaeleza mwenyewe.

"Wakati wa salfa nilikohoa sana. Nikaenda nikatoa makohozi yapimwe. Sikurudi kuchukua majibu."

"Kwa nini?" mjomba akauliza.

"Baba yangu alikufa kwa kifua. Nikaona nisiposikia, basi sina."

Ethel akasema polepole, "Ni kifua kikuu, Baba Happiness. Kinatibika. Lakini simu zangu zote umezizima, na ndani ya nyumba unalala na watu."

Hapo nikataka kuongea. Badala yake nikakohoa.

Nikakohoa tena. Sikuweza kuacha. Salfa tuliimaliza zamani, wapendwa. Miezi imepita. Mimi nilikuwa nakohoa nini?

Niliondoa kitenge mdomoni. Kina damu.

Kumbe kisimani nilikuwa nimeingia siku nyingi.

Leo naandika haya, mimi na Baba Happiness tunameza dawa kila asubuhi, tumekaa kitanda kimoja tunahesabiana vidonge kama watoto. Tunaendelea vizuri. Happiness alipimwa, hana, kapewa dawa za kinga. Ethel sasa nimembadilisha jina kwenye simu, nimemwandika DADA. Na mume wangu nimemsamehe kwa lile la kisima. Kwa hili lingine bado najifunza.

Somo langu ni hili: hiyo simu unayoinyamazisha bila kuitazama, huenda anayepiga yuko kwenye maji. Au anayepiga anajua kwamba wewe ndiye uliye kwenye maji. Itoe. Tazama jina. Pokea! Na kikohozi kisichoisha msikisingizie salfa wala vumbi, nendeni mkapime.

Kile kipochi Chrispin hakutaka kukiona tena. Mjomba Fikirini, ambaye siku ile alikaa naye barazani bega kwa bega, akakipenda, akasema ni ngozi nzuri. Akapewa. Akakivaa, akarudi nacho Chilangala.

Juzi binamu yangu ananiambia mjomba amekonda. Anakohoa usiku. Anasema ni vumbi la barabara tu.

Nimempigia tangu asubuhi.

Inaita kidogo...

Halafu inanyamaza.