Shuka ya Nne

Nilitumwa kwenda kusikiliza vinanda. Basi. Kazi ya saa moja, tena ya kukaa kitini.

Kwaya ya chuo ilikuwa inanunua kinanda kipya cha umeme, na wanakwaya walikuwa wamegombana wiki mbili nzima. Kila mmoja na kampuni anayoiapia. Wengine walikuwa wanasifia vinanda ambavyo hata hawajawahi kuvigusa, wameviona tu kwenye simu. Mwishowe mwalimu wao akasema aende mtu asiye na upande. Wote wakanitaja mimi.

Mimi siimbi. Mimi ni wa chama cha mdahalo, wananiita Wakili, na Jumamosi ya wiki ile nilikuwa nasimama kwenye fainali. Lakini walijua nani amenilea. Mama mdogo wangu ndiye aliyekuwa mwimbaji wa kwanza wa mji huu, na sikio lake mafundi wa vinanda walikuwa wanaliazima. Chombo kipya kikiingia dukani, anaitwa yeye kwanza.

Hiyo ni kabla hajapoteza sauti.

Miaka saba iliyopita alitoka nyumbani Alhamisi mchana akiimba, akarudi jioni akinong'ona. Hospitali walimulika koo, wakasema hakuna kidonda wala uvimbe. Ukoo ukaweka kikao na kuamua ni uchawi. Mchawi hawakumtafuta mbali: bibi yangu, mama yake mzazi, eti alimwonea wivu mwanawe wa kumzaa. Bibi alikufa na jina hilo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kubishana na watu. Hakuna uchawi, niliwaambia. Kuna watu wavivu wa kufikiri. Hoja hiyo nimeisimamia majukwaani mara nisizoweza kuhesabu, na hakuna aliyewahi kunishinda.

Basi Alhamisi ya wiki ile ya fainali, nilipomwambia mama mdogo kwamba nakwenda kwa Fundi, mwenye duka la vinanda, alikuwa jikoni anamenya tangawizi. Huitafuna kutwa, anasema inamlainisha koo. Kisu kikasimama. Akaninong'oneza nisisahau alivyonifundisha: ukitaka kujua kama sauti ya kinanda ni ya kweli, imba nayo noti moja, taratibu, mdomo umefumba. Sauti ya uongo itakukataa. Ya kweli itakupokea.

Nikaondoka, jua limeinama.

Duka la Fundi lina kaunta mbele, na nyuma yake chumba cha kusikilizia. Kuta zimebandikwa sponji nene, chini zulia, hata ukipiga chafya inakufa papo hapo. Vinanda vitatu vilikuwa vimepangwa ukutani, kila kimoja kimefunikwa shuka nyeupe. Fundi huingiza mikono chini ya shuka, anapiga bila nembo kuonekana. Kiti cha msikilizaji kinatazama mlango wa mbele, vinanda viko mgongoni. Amplifaya moja, spika zile zile, ukubwa wa sauti ule ule, kipande kile kile cha muziki. Hivyo ndivyo anavyowafanyia wateja wote, na mimi nilipenda. Ni haki.

Lakini nikaona haitoshi. Jaji anaweza kuyumbishwa hata na kikohozi. Nikaweka masharti yangu juu ya yake: Fundi asitoe neno mpaka nimalize, na mimi nisigeuke mpaka niwe nimeuandika uamuzi na kuutamka kwa kinywa changu. Fundi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akacheka. Akasema mkewe amejaribu miaka thelathini kumfunga mdomo, kumbe dawa ni kumwita mwanafunzi.

Akakubali. Nikakaa. Nikashika kalamu.

Nambari moja ilikuwa na sauti ya piano ang'avu, ya kuvutia kwa dakika ya kwanza. Aliposhikilia noti moja, ikafa haraka, na mkiani nikasikia kipande kile kile cha sauti kinajizungusha, kama feni mbovu. Akigusa polepole au akigonga kwa nguvu, rangi ya sauti haibadiliki, inaongezeka kelele tu. Nikaandika: *uongo mzuri.*

Nambari mbili, besi nene, safi, haivumi. Noti ilikufa taratibu, kwa heshima zake. Akakanyaga pedeli akarundika noti juu ya noti, na hakuna hata moja iliyokatika. Nikaandika: *huyu mkweli.*

Nambari tatu, sauti za nyuzi tamu kabisa. Ila katikati ya ukimya... *ssss*... kama mtu anakaanga kitu chumba cha pili.

Halafu kimya.

Kimya kirefu. Nikadhani Fundi anahamisha waya. Zulia lile halitoi kishindo cha hatua.

Kisha ikaanza nambari nne.

Haikuanza na piano. Ilianza na sauti ya mwanamke.

Vinanda vya siku hizi vina sauti za watu, hilo nalijua. Waimbaji hurekodiwa noti moja moja, zinahifadhiwa ndani, ukibonyeza inatoka. Najua pia udhaifu wake: hazipumui. Mtu wa mashine anaimba dakika tano bila kuvuta hewa.

Hii ilipumua.

Kabla ya kila noti ya juu kulikuwa na mkwamo mdogo, kama mtu anayenyanyua mguu kuvuka kizingiti. Nilihisi nimewahi kuusikia mkwamo ule. Sikukumbuka wapi. Kalamu ilikuwa imeshaandika *nne* kabla sijaiamuru.

Nikafumba mdomo. Nikaimba nayo noti moja, taratibu, kama nilivyofundishwa.

Ikanipokea.

Ilikuwa kama kumeza kipande cha barafu. Kitu kikashuka kooni... kikavutwa... kikatoka. Machozi yakanilenga kwa utamu wake.

"Nambari nne," nikasema kwa sauti. "Hii ndiyo. Naichagua."

Kinanda kikanyamaza.

Nikasikia harufu ya vumbi la mashine iliyopata moto. Halafu, juu ya hiyo, harufu ya tangawizi.

"Tena."

Mnong'ono, nyuma ya sikio langu. Nikakasirika. Nikasema, bila kugeuka, kwamba tulikubaliana, na mtu mzima akikubali sharti analitimiza.

"Tena, Kasuku."



Kasuku ni jina langu la nyumbani. Nilipewa nikiwa na miaka minne kwa sababu ya kusema sana. Fundi halijui. Chuoni halijui mtu. Duniani analitumia mtu mmoja tu, na mtu huyo nilimwacha jikoni na kisu mkononi.

Na hapo mlango wa mbele ukafunguka. Ule niliokuwa nautazama.

Akaingia Fundi.

Simu mkononi, anahema kidogo. Akasema nimsamehe, mkewe alipiga tu baada ya kile cha tatu, akatokea mlango wa nyuma aongee uani, ukajifunga, ikabidi azunguke jengo zima. Hakuaga kwa sababu si nilimkataza kusema.

"Haya, binti," akasema. "Umeviandika vyote vitatu?"

Vitatu.

Macho yake yalikuwa yamepita bega langu. Nikaona uso wa mzee ukizeeka mbele yangu.

"Usigeuke," akasema taratibu.

Nikageuka.

Shuka zilikuwa nne.

Hakukuwa na mtu. Lakini chini ya shuka ya nne kitambaa kilikuwa kimetuna mahali pawili, kama mikono miwili iliyoingizwa chini kupiga. Ilikuwa bado inatembea. Polepole, bila haraka yoyote, kulia... kushoto... Ikasimama. Ikatandaa.

Wasomaji watasema ningekimbia. Mimi nilipandwa na hasira. Nilikuwa nimekwisha kukumbuka wapi niliusikia ule mkwamo: kitandani, nikiwa mtoto, nikibembelezwa nilale. Nikaivuta shuka.

Kinanda cheusi, kipya, kinang'aa. Hakina jina la kampuni. Hakina waya. Nikabonyeza noti ya chini, akaimba mama mdogo. Nikabonyeza inayofuata, mama mdogo. Inayofuata. Inayofuata. Nilipofika katikati, nikabonyeza moja, na hakuimba mama mdogo.

Ilikuwa sauti ya mdomo uliofumba. Yangu.

Fundi alinikamata mkono wa blauzi akaniburuta hadi kwenye kaunta. Pale, chini ya taa nyeupe, nikamtaka aseme. Akasema, macho sakafuni. Alhamisi moja, miaka saba iliyopita, alikuja mtu mpole, nguo safi, na kinanda kisicho na jina. Akaomba aitiwe mwenye sikio kuliko wote. Mama mdogo akaja, akakisikiliza, akamwambia sauti nyingine zote ni nzuri ila sauti ya mtu ndani yake ni mfu. Mtu yule akamsifu sana. Akamwomba basi amwimbie yeye, noti zote, kutoka chini hadi juu, moja moja. Mama mdogo akaimba. Fundi alikuwepo, anakunywa chai, akaona ni jambo zuri.

"Alipomaliza alitaka kusema asante," akasema Fundi. "Haikutoka."

Mtu yule akafunika chombo chake kwa shuka, akaondoka.

Nikamuuliza kama alikuja kwenye mazishi ya bibi yangu. Akasema alikuja. Nikamuuliza kama aliwasikia wanavyomwita. Akavua miwani, akaifuta.

"Miaka saba, Fundi. Ulimwacha mama wa watu azikwe na uchawi usio wake."

"Ningesema nini, binti? Nani angeniamini?"

"Mimi," nikasema.

Neno likatoka nusu. Nikarudia. Nusu. Kila sauti yangu ilipopanda na kufika mahali fulani, ilidondoka kama mtu aliyekosa ngazi moja gizani, kisha ikaibukia juu yake.

Tulimwita mlinzi wa duka la jirani, tukarudi wote watatu. Chumba kilikuwa vile vile, na shuka tatu. Mlinzi alitutazama kwa huruma akauliza kama tumekula. Karatasi yangu ilikuwa juu ya kiti. *Nne*, kwa mwandiko wangu.

Nilifika nyumbani majirani ndiyo kwanza wanawasha taa. Nilikuwa nimeipanga hoja yangu njia nzima: nitamwambia mama mdogo kwamba bibi hana kosa, kwamba najua sauti yake iliko, kwamba tutaidai. Nikasukuma mlango wa jikoni.

Alikuwa anaimba.

Noti moja tu. Mdomo umefumba, macho yamefumba, maganda ya tangawizi mapajani. Aliponiona akalia kwa furaha. Akaninong'oneza kwamba imemjia tu, jua lilipokuwa linazama, kama mtu amemtilia maji kooni. Miaka saba, mwanangu. Miaka saba. Akaiimba tena ili nisikie.

Nilisikia. Mimi nina sikio, yeye ndiye aliyenipa. Ile haikuwa sauti yake.

Nikamweleza yote, mwanzo hadi mwisho. Habari za bibi alizisikia kama habari za mvua. Hakuniuliza kama niliogopa. Hakuniuliza kwa nini maneno yangu yanakatika. Alipangusa kisu kwa kitambaa, akafikiri, akaniuliza kinanda kile kilikuwa na noti ngapi.

Jumamosi nilishindwa fainali. Jaji aliandika kwamba hoja zangu zilikuwa na nguvu lakini sauti inapotea. Kwaya wamenunua nambari mbili, nao wamefurahi. Wazee wa ukoo niliwafuata mmoja mmoja nikawaambia bibi alisingiziwa. Wakauliza sasa mchawi nani, nami, Wakili mzima, nikaaga.

Na kila jioni najadiliana mwenyewe, pande zote mbili. Upande mmoja unasema: amekulea, alikuimbia ulale, kila neno ulilonalo alikutia yeye mdomoni, noti chache ni nini? Upande wa pili unauliza swali moja tu. Aliponiambia niimbe mdomo umefumba... alikuwa ananifundisha, au alikuwa ananituma?

Naandika kwa sababu karatasini sauti yangu bado ni nzima.

Leo ni Alhamisi. Mchana Fundi alinipigia. Hajakifungua chumba cha kusikilizia tangu siku ile, lakini leo amechungulia kwenye tundu la ufunguo. Akakata simu kabla sijauliza. Nikampigia tena, akapokea, akasema tu: nne.

Jua linainama. Mama mdogo amekaa karibu na mlango, ameshavaa viatu, mkoba uko mapajani. Chumba chote kinanuka tangawizi.

"Moja tu, Kasuku," ananong'ona. "Moja..."

Na ile *tu* ya mwisho hainong'oni. Anaitamka wazi, kwa sauti yangu.