Wito wa Kitbok

Mvua ilikuwa ikinyesha siku ya nne mfululizo kwenye miteremko ya chini ya mji wa milimani wa Sohra, wala hapakuwa na aliyeishangaa. Jikoni, mama yake Iohbor, ambaye wanawe humwita Mei, alikuwa akigeuza samaki wa moshi juu ya makaa kwa ajili ya chakula cha mchana. Ghorofani, katika chumba cha mbao ambacho bendi ilikigeuza studio kwa kutundika mablanketi ukutani na kuziba dirisha kwa godoro, Iohbor alikuwa akikaza nyuzi za gitaa. Nyimbo tisa za albamu yao mpya zilikwisha kurekodiwa. Ulibaki wa kumi.

"Kaka, ukiukaza tena uzi huo utakung'oa jicho," alisema Banshan, mwimbaji wao, ambaye kwa kunguruma jukwaani alisifiwa hadi mjini Shillong, na kwa uvivu alisifiwa zaidi.

"Likitoka nitakupa wewe. Labda utaanza kuiona saa ya mazoezi."

Wakacheka. Kisha macho yao yakaangukia ngoma zilizofunikwa shuka, na kicheko kikakatika. Mpigaji wake alikuwa Kitbok, mdogo wake Iohbor, hadi mwezi wa sita, mlima ulipoporomoka juu ya njia ya korongoni na kumfukia. Maiti haikupatikana.

Kijijini kwao kila mama humtungia mwanawe wito: sauti fupi isiyo na neno, iliyo ya mtoto huyo peke yake. Porini watu huitana kwa wito, maana jina likitajwa, wakaao msituni hulishika. Na mwenye wito akifa, wito hufa naye. Hauimbwi, haupigwi mluzi, haurithiwi.

Iohbor aliyajua hayo tangu angali mgongoni mwa mama. Lakini albamu isiyo na Kitbok ilikuwa kwake kaburi la pili, na hili angelichimba kwa mikono yake mwenyewe.

"Nataka awemo," alisema. "Kitu chake kimoja tu. Nitaupiga wito wake."

"Kaka, huo haupigwi."

"Haupigwi kwa mdomo. Gitaa si mdomo."

Akaupiga. Ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, ukatanda chumbani kwa uzito wa radi ya mbali. Banshan, hedfoni masikioni, aliinua kidole gumba. Iohbor akaziachia nyuzi.

Banshan akabadilika uso.

"Umeacha kupiga?" alinong'ona.

"Nimeacha."

"Basi ni nani huyu ninayemsikia?"

Iohbor akaivaa hedfoni. Wito ulikuwa ule ule, ila haukuwa wa gitaa. Ulikuwa mluzi, mluzi wa mtu mwenye udongo kinywani. Kisha kipaza sauti, ambacho hakikuwa kimezimwa, kikanasa sauti ya pili kutoka jikoni.

"Naja, mwanangu."

Mlango wa chini ukalia.

Waliposhuka, samaki walikuwa wakiungua. Ukungu ulikuwa umejaa uani, na nyayo za Mei, pekupeku, zilielekea korongoni.

"Mei! Mei!"

Hakuitika. Mama mkubwa Thrina, dada yake Mei, alitoka nyumba ya jirani na tambuu shavuni. Akazitazama nyayo, akamtazama Iohbor, akaitema tambuu.

"Nyamaza, mtoto we! Unayempigia kelele hakusikii. Aitwaye na mfu haitikii ila wito wake mwenyewe."

"Wito wa Mei siujui."

"Utaujuaje? Aliutunga bibi yako. Aliyebaki nao ni mimi tu."

Akasogea ukingoni mwa korongo, akauimba. Mvua ikaumeza. Akauimba tena, kikohozi kikamkaba. Chini kule, mluzi ulikuwa ukienda mbali, taratibu, kama anayemwongoza kipofu.

"Sina pumzi, mwanangu. Haufiki."

"Nifundishe, Mama mkubwa. Nakusihi. Niimbie sikioni."

Alimwimbia mara mbili. Iohbor akapanda ngazi mbio, akaling'oa godoro dirishani, na pamoja na Banshan akayageuza maspika yote mawili yatazame korongo. Akaifungua sauti hadi mwisho.

Akaupiga wito wa mama yake.

Mabati yakatetemeka. Kutoka chini, mluzi ukajibu.

Akapiga tena. Mluzi ukajibu. Karibu zaidi.

Vidole vikachanika. Akapiga. Akalia. Akapiga.

Umeme ukakatika.

Kimya. Mvua tu. Mluzi nao haukusikika.

Kisha hatua, uani. Moja. Halafu nyingine. Mei akachomoza ukunguni, maji yakimtiririka, matope hadi magotini. Iohbor alimkuta mlangoni, akaanguka miguuni pake.

"Mei, nisamehe."

Alimtazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta alikowahi kuiona sura ile.

"Mbona uliniita?" alinong'ona. "Ndiyo kwanza alikuwa amelala."

Umeme uliporudi, Iohbor aliufuta wimbo wa kumi. Albamu ikatoka na tisa. Mei yu hai. Hula akilishwa, na akisemeshwa huweka kidole mdomoni, kuwataka watu wasipige kelele.

Nguo ya miraba aliyojifunga siku ile ililowa yote, isipokuwa mapajani, duara moja la ukubwa wa kichwa cha mtu. Mama mkubwa ameifua mara saba. Maji yakifika pale hujitenga, yakapita kando. Na ukipaweka kiganja, hata asubuhi ya baridi, pana joto.