Mafunjo ya Ufuoni kwa Nerima

Kila asubuhi Nerima alichuma sukuma wiki kando ya Ziwa Naivasha, akapika, akauza iliyobaki. Mumewe, Sitati, alikuwa na tabia moja. Ziwa likirudi nyuma, naye alisogeza ua wa shamba mbele. Alifyeka mafunjo, yale majani marefu yanayoota majini, akapanda sukuma hadi miguu ikaloa.

"Ardhi ya bure hii!" alisema, kifua mbele.

Mvua kubwa ikanyesha. Maji yakapanda, mawimbi yakala udongo, na sukuma yote ikaenda. Sasa ziwa lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Nerima aliogopa sana. Nyumba ikienda, wangelala wapi na Micah na watoto wengine?

Jirani yao Celestine, muuza samaki aliye pia katika kamati ya kutunza ufuo, alikuja kuwapa pole.

"Mama Micah, angalia kwangu. Udongo uko."

Nerima akaangalia. Kwa Celestine mafunjo yalisimama mengi, na mawimbi yalifika hapo yakachoka.

"Mizizi inashika udongo," Celestine alieleza. "Inazuia tope na mbolea zisiingie ziwani. Hata samaki huzaa humo."

"Lakini maji si yalikuwa yameenda?" Sitati akauliza.

"Baba Micah, ziwa huenda na kurudi. Wamaasai wa zamani walinywesha ng'ombe hapa, halafu wakarudi juu. Baadaye yakaja mashamba makubwa, yakaja ya maua, tukaja sisi wa vibarua. Kila mtu anataka kukaa karibu na maji. Tuyaachie nafasi."

Sitati alinuna siku nzima. Kesho yake akang'oa ua mwenyewe, akaurudisha juu. Celestine akawapa mizizi ya mafunjo, wakaipanda kwenye tope na kuwazuia mbuzi. Sukuma wakaipanda kwenye magunia yenye udongo, nyuma ya nyumba.

Mafunjo yalipokomaa, mvua kubwa ikarudi. Kulipopambazuka Nerima alitoka mbio kuangalia ufuo. Udongo ulikuwa pale pale. Nyumba ilikuwa kavu. Akamshukuru Mungu kwa sauti.

Mara akamsikia Sitati akifoka. Karanja, jirani wa chini, alikuwa amekuja na panga kukata mafunjo ya kuezekea banda la kuku.

"Boss, hayo usiguse! Huo ni ukuta wa nyumba yangu!"

Nerima alicheka hadi akakaa chini.