Ridhaa ya Bi Masouda

Siku ile soko la Mutrah, Maskati, lilikuwa limefurika. Bakhit, muuza vitambaa, akamkanyaga Nasriya buibui mpaka likachanika.

"Una macho au vifungo?"

"Nlikuwa na macho, bibie. Umeshayachukua."

Nasriya, aliyetoka Unguja mwaka wa sitini na nne na hakupata kucheka tena kwa dhati, alicheka.

Mwaka wa sitini na tisa Bakhit akapeleka posa. Mahbuba, mamake Nasriya, alikubali kwa sharti moja: mwanawe hatopita katikati ya wakwe kila akitoka. Chumba cha Bakhit kitobolewe mlango wake wenyewe, uelekee uchochoroni. Hapo sasa! Mtaa wa kina Bakhit una nyumba saba, na kanuni ya wenye nyumba ilisema ukuta hautobolewi mpaka wote saba waridhie; asiyejibu, amekataa. Sita waliridhia. Wa saba, Bi Masouda, alikuwa kaburini mwaka wa tatu, hana mrithi, nyumba imetiwa kufuli, na jina limo daftarini vilevile. Watu wazima na ndevu zao wanangoja jawabu la maiti!

Mwaka wa sabini akaja Sultani mpya, nchi ikabadilika, na wenye nyumba nao wakabadilisha kanuni yao: mwenye nyumba apigiwe hodi tatu mchana, mbele ya mashahidi; akinyamaza, ameridhia. Nasriya alifurahi akalia. Lakini Bakhit hakutokea, wiki mbili nzima. Nasriya akamfuata dukani.

"Umepata mwengine. Sema!"

"Wallahi sina, roho yangu."

"Basi nini?"

Bakhit akateremsha sauti. "Nlikwenda peke yangu kujaribu. Hodi ya pili, mtu akakohoa ndani. Nnaogopa, Nasriya. Akisema hataki, nimekukosa."

"Mwoga we! Ntapiga mimi."

Alasiri wakaenda na Mzee Suud, mkubwa wa wenye nyumba, daftari kwapani. Jua kali, kufuli imeliwa na kutu, na mlangoni panafuka harufu ya udi. Suud alijifanya hakuisikia.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Kimya. Suud akafungua daftari.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu."

Kalamu ikamtoka Suud. Bakhit alimvuta Nasriya kwa ncha ya buibui, naye hakusogea. Alikuwa anamtaka mume huyu.

"Bibi, tunaomba kutoboa mlango. Tunataka kuoana."

Sauti ya ndani ikajibu:

"Nimeridhia. Ila msiufunge."

Suud aliandika yote mawili. Wakaoana Alkhamisi.

Mahbuba alipokwenda kuwatazama, aliwakuta wanakunywa kahawa, wanataniana, wamenawiri. Mlango mpya wa uchochoroni u wazi, vumbi linaingia. Akanyoosha mkono auvute.

"Uache, mama," Nasriya alisema, akimimina kikombe cha tatu. "Hajaingia bado."

"Nani?"

Nasriya akakisukuma kikombe upande wa pili wa mkeka, mbali na mama yake.