Kipimo Kabla ya Kuruka

Desmond Tuffnell alikuwa fundi bomba katika mji mdogo kusini mwa Uingereza. Siku za kazi alizibua masinki ya watu. Jumapili alirusha ndege. Ilikuwa ndege ndogo ya viti vinne, kuukuu, aliyoimiliki pamoja na wenzake watatu. Waliiweka kwenye uwanja wa nyasi, ng'ambo ya malisho ya kondoo.

Mkewe, Solenn, alikuwa Mfaransa wa Brittany. Alipika katika shule ya msingi. Kila siku baada ya kazi alimpigia simu mama yake, Bibi Philomène, aliyeishi upande wa pili wa bahari katika nyumba ya kutunzia wazee. Bibi alikuwa na miaka themanini na minane, na ulimi wake ulikuwa bado mkali.

Ulikuwa mwaka wa pili wa korona. Solenn alikuwa hajamwona mama yake kwa miezi kumi na minne.

Siku moja simu ilipokelewa na muuguzi.

"Moyo wa mama umechoka," alisema. "Daktari ameruhusu mje kumwona. Lakini fuateni taratibu, tafadhali."

Solenn aliketi bila kuvua aproni. Safari za ndege za abiria zilikuwa zimefutwa wiki ile. Meli zilikuwa chache.

"Tuna ndege yetu," Desmond alimwambia. "Mwendo wa saa mbili tu. Kesho utakuwa kwa mama."

Asubuhi walikwenda uwanjani. Ofisini alikuwapo Winifred Askew, mama wa miaka sitini na kitu, aliyepokea taarifa za safari na kuzungumza na marubani kwa redio.

"Mnakwenda wapi na mifuko hiyo?" aliuliza.

"Brittany," Desmond alijibu. "Rafiki yangu Pierrick ana kiwanja nyuma ya ghala lake. Natua pale. Kwa gari ni dakika kumi hadi kwa mama mkwe."

Winifred alivua miwani. "Na polisi wa mpakani watakuja ghalani kwa Pierrick kukugongea pasipoti?"

"Ah, Winnie! Nani atatuona?"

"Rada itawaona. Kuwa na ndege si kuwa na mpaka, Des. Lazima utue kwenye uwanja wenye forodha na polisi wa mpakani. Na uwape taarifa mapema. Ukitokea tu, hukuti mtu. Mmepima korona?"

"Nilijipima jikoni wiki iliyopita. Sina kitu."

"Cha jikoni hakitambuliwi. Wanataka cha maabara, ndani ya saa sabini na mbili kabla ya safari, na wote wawili."

Solenn alichukua kalamu. "Sema taratibu, Winnie, niandike. Sheria hizi tunazipata wapi?"

"Kwenye tovuti ya serikali yetu, halafu ya serikali yao. Usizitafute kwenye kundi la simu la marubani. Sheria ya wiki iliyopita ni gazeti la kufungia samaki. Isome leo, uisome tena siku ya kuondoka. Omba barua ya daktari inayosema kwa nini mnasafiri. Na sheria za kurudi ni nyingine, zisome kabla hamjaondoka."

Desmond alipiga meza. "Mama mkwe anakufa, wewe unanipa kazi ya kujaza fomu! Tunakwenda wawili, ndani ya ndege yetu. Tutamwambukiza nani? Mawingu?"

Winifred hakupandisha sauti.

"Dada yangu aliishi kwenye nyumba ya wazee kama ile," alisema. "Mgeni mmoja alikuja na keki ya siku ya kuzaliwa. Hakuwa na hata kikohozi. Tulizika watu tisa. Dada yangu alikuwa wa nne."

Solenn alikunja karatasi yake.

"Twende maabara," alimwambia mumewe. "Sasa hivi."

Walipima. Desmond alituma taarifa kwa uwanja wa Ufaransa, akaandaa mpango wa safari, akaosha vioo vya ndege. Siku ya pili majibu yakaja kwenye simu. Solenn hakuwa na virusi. Desmond alikuwa navyo.

"Wamekosea," alisema. "Sina hata mafua!"

Solenn alikuwa akifikiria yale ambayo wangeyafanya jana. Wangeingia chumbani. Desmond angeinama kumbusu Bibi Philomène mashavuni, kama alivyofanya siku zote. Kisha angepita ukumbini akiwasalimia wazee kwa mikono, maana wote walimpenda.

"Ungenipeleka, Desmond," alisema mwishowe. "Nami ningekwenda."

Desmond aliketi kwenye ngazi akafunika uso.

Walifuta safari. Desmond alihamia chumba cha juu, na Solenn, kwa kuwa aliishi naye, akajitenga pia. Siku ya nne Desmond alianza kukohoa. Siku ya sita alikuwa na homa kali. Solenn alimwachia supu mlangoni. Zilikuwa siku ngumu. Kila simu ilipolia aliogopa kuipokea. Muuguzi aliiweka simu karibu na sikio la Bibi, na Solenn akazungumza naye Kibretoni, lugha ya kwao, bila kujua kama anasikia.

Muda wa kujitenga ulipokwisha, walipima tena maabara. Wote wawili walikuwa salama. Solenn alisoma upya sheria za pande zote mbili. Moja ilikuwa imebadilika, akaongeza karatasi kwenye jalada.

Walitua Ufaransa mchana, kwenye uwanja waliokuwa wameupa taarifa. Afisa alipitia karatasi moja baada ya nyingine. Barua ya daktari aliisoma polepole.

"Pole, mama," alimwambia Solenn, akagonga mhuri.

Kwenye nyumba ya wazee walipimwa tena kabla ya kuingia. Bibi Philomène alikuwa mdogo kitandani, macho nusu wazi.

"Umechelewa," alisema.

"Ndiyo, Mama. Tulichelewa."

"Na huyo fundi wako amekonda. Humlishi?"

Solenn alicheka huku machozi yakimtiririka ndani ya barakoa.

Alikaa na mama yake siku tano. Siku ya tano, asubuhi, Bibi alifariki mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake.

Alizikwa kanisani kijijini. Wazee wenzake waliletwa uani mwa kanisa, wengine kwenye viti vya magurudumu, wakaimba wakiwa wameachiana nafasi. Ibada ilipokwisha, mzee mmoja mwenye fimbo alimsogelea Desmond, akasimama hatua mbili kutoka kwake.

"Asante, bwana rubani," alisema. "Umemletea binti yake."

Desmond aliwatazama wale wazee, mmoja mmoja, mstari mzima, kisha akainamisha kichwa.

Jioni yeye ndiye aliyetoa fomu za kurudi. Alizisoma kila mstari, kisha akamwuliza mkewe, "Maabara ya hapa inafunguliwa saa ngapi?"