Duara Lililoota Meno

Kila asubuhi mchora mabango alifagia karakana yake, kisha akachanganya rangi. Siku hiyo hakugusa rangi. Aliwasha kompyuta na mashine mpya ya kuchapia mabango.

Zahanati ilikuwa imeagiza bango la ukutani. Nembo yake ilikuwa duara jekundu. Mchoraji alikuwa ameichora jana yake kwa brashi kwenye karatasi ndogo. Sasa akaipiga picha kwa simu, kisha akaikuza picha hiyo kwenye kompyuta.

Mkewe akainama mbele ya kioo cha kompyuta.

"Baba Watoto, duara lako limeota meno!"

"Meno gani?"

"Tazama ukingo. Umekuwa kama ngazi! Mganga mkuu anakuja jioni. Akiuona, kazi itakwenda kwa wengine."

"Basi tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mashine ni mbovu!"

Jirani yao, mwanamke mchora ramani za majengo, alisikia kelele akaingia.

"Shemeji, usiisingizie mashine. Picha ya simu imepangwa kama sakafu ya vigae vidogo mno. Kila kigae kina namba ya rangi yake. Ukiikuza picha, vigae navyo vinakua. Meno hayo ni pembe zake."

"Sasa tutayang'oaje, dada?" mke aliuliza.

Jirani alipigilia msumari ubaoni. Akafunga uzi kwenye msumari, na chaki kwenye ncha ya pili. Akauzungusha uzi.

"Nimehitaji nini kulichora duara hili?"

Mke alifikiri. "Mahali pa msumari, na urefu wa uzi."

"Nikiurefusha uzi?"

"Duara litakua... na ukingo utabaki laini!"

"Vema. Ipe kompyuta hayo mawili tu: kitovu na nusu kipenyo. Itakokotoa yenyewe kila nukta ya ukingo, kwa ukubwa wowote."

Mchoraji aliguna. "Kumbe hesabu nilizozikimbia shuleni zimenifuata hadi karakanani!"

"Na leo zimekukamata," mkewe akacheka.

Waliifuta picha. Mke alifungua programu ya michoro, akaonyesha kitovu, akaandika nusu kipenyo: mita moja. Mashine ikanguruma.

Jioni mganga mkuu alipitisha kidole ukingoni mwa duara, polepole, hadi akarudi alipoanzia.

"Safi kabisa. Naomba na jingine la langoni, ila dogo."

"Hilo ni jepesi, Daktari," mke alijibu. "Tutaufupisha uzi."

Mganga alitazama huku na huku. Hakuuona uzi wowote.